Bunduki halali katikati ya maandamano: sheria tatu za Marekani zinapogongana

Julai 2016 Marekani ilipitia siku tatu ambazo hadi leo zinafaa kueleza mgogoro huu. Tarehe 5, mjini Baton Rouge, Louisiana, polisi walimuua kwa risasi Alton Sterling, mtu mweusi aliyekuwa akiuza CD nje ya duka. Mfukoni alikuwa na bastola. Kesho yake jioni, huko Falcon Heights karibu na St. Paul, Minnesota, askari alimuua Philando Castile ndani ya gari. Naye alikuwa na bastola, tena yenye kibali. Tarehe 7 mamia ya watu waliandamana katikati ya jiji la Dallas, Texas, kulalamikia vifo hivyo viwili. Yalikuwa maandamano ya amani, polisi wakitembea sambamba na waandamanaji. Yalipokaribia kwisha, mtu mmoja mwenye bunduki akaanza kuwalenga askari. Askari watano wakauawa.

Haki ya kuandamana, haki ya kubeba silaha na mwenendo wa polisi huzungumzwa Marekani kama mambo matatu tofauti, kila moja na wanasheria wake na wanaharakati wake. Barabarani mambo hayo hukutana kwa mtu mmoja, katika dakika moja, na hapo ndipo sheria inapoanza kujipinga yenyewe.

Tuanze na Castile, kwa sababu kisa chake kiko wazi kuliko vingine. Alikuwa na umri wa miaka 32, msimamizi wa kantini ya shule ya msingi. Alisimamishwa kwa sababu taa ya breki ilikuwa haiwaki, ingawa kwenye redio askari alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa ujambazi kwa sababu ya pua yake pana. Ndani ya gari alikuwamo mpenzi wake, na kiti cha nyuma mtoto wa kike wa miaka 4. Kamera ya gari la polisi ilirekodi mazungumzo yote. Castile alimwambia askari kwa adabu kwamba hana budi kumjulisha kuwa ana silaha. Askari akajibu: sawa, basi usiishike. Castile akasema haitoi. Askari akapaza sauti: usiitoe! Sekunde chache baadaye alifyatua risasi saba. Castile alikufa akisema hakuwa akiifikia bunduki.

Sheria ya Minnesota haikumlazimu kusema chochote kuhusu bastola yake mpaka aulizwe. Alisema mwenyewe, kama wakufunzi wengi wa silaha wanavyowafundisha wenye vibali. Askari yule alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Juni 2017 jopo la raia waliosikiliza kesi likamwona hana hatia. Manispaa iliyomwajiri ilikubali kuilipa familia karibu dola milioni 3. Kwa hiyo hakuna kosa la jinai lililothibitishwa kwa upande wowote. Castile alikuwa na kibali, askari hakupatikana na hatia, na mtu amekufa. Ukitaka kuelewa imewezekanaje, inabidi ufungue sheria zenyewe.

Haki ya kuandamana haihitaji maelezo marefu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kukusanyika kwa amani na kuidai serikali iwasikilize. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1941 kwamba miji inaweza kudai kibali cha maandamano na kupanga saa na njia, mradi isichague nani aandamane kwa kuangalia anachosema. Mwaka 1969 ikaongeza kwamba hata maneno makali yanalindwa, isipokuwa yale yanayolenga kuchochea uvunjaji wa sheria papo hapo na yanayoelekea kuusababisha. Katika vitabu, mtu mmoja akirusha chupa, wengine elfu hawapotezi haki yao. Mtaani polisi hutangaza kuwa mkusanyiko umekuwa haramu, na mabomu ya machozi hayachagui nani alirusha chupa.

Haki ya silaha imebadilika sana ndani ya kizazi kimoja. Marekebisho ya Pili ni ya mwaka huohuo wa 1791, lakini kwa muda mrefu mahakama ziliyasoma pamoja na habari ya majeshi ya mgambo yanayotajwa ndani yake. Ni mwaka 2008 tu, katika kesi ya Heller iliyotoka Washington DC, ndipo Mahakama ya Juu iliposema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hii ni ya mtu binafsi, kuwa na bunduki nyumbani kwake ajihami. Mwaka 2010 ikayabana majimbo nayo yaiheshimu. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, haki hiyo ikatoka nje ya nyumba ikaingia mitaani. Jimbo linalotaka kuzuia silaha mahali fulani sasa linapaswa kuonyesha kwamba zuio lake lina mizizi katika historia ya taifa hilo. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu mtu mzima asiye na pingamizi la kisheria kubeba bastola hadharani bila kibali chochote. Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Marekani wanamiliki bunduki milioni 393, yaani nyingi kuliko watu wenyewe.

Sasa polisi. Sheria kuu ya matumizi ya nguvu ilitokana na maji ya machungwa. Mwaka 1984, mjini Charlotte, North Carolina, mgonjwa wa kisukari aitwaye Dethorne Graham aliona sukari inashuka, akaomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue kinywaji hicho. Alikuta foleni ndefu, akatoka haraka. Askari aliyemwona akiingia na kutoka mbio akamshuku na kulisimamisha gari. Kabla mambo hayajaeleweka, Graham alikuwa amefungwa pingu, amegongwa kichwa kwenye boneti na kuvunjika mguu. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1989 majaji wakaweka kipimo kinachotumika hadi sasa: nguvu za polisi zipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, ambaye mara nyingi huamua kwa kufumba na kufumbua. Wasiokuwepo wasimhukumu kwa yale yaliyojulikana baadaye. Miaka minne kabla ya hapo, katika kesi ya kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi akiruka uzio huko Memphis, mahakama hiyo ilikuwa imekataza kumuua anayekimbia ikiwa si tishio kwa wengine. Kwa hiyo kila kitu kinategemea tishio, na tishio linapimwa kwa hofu ya askari.

Hapa ndipo fundo lilipo. Sheria ya silaha inasema kubeba bunduki si kosa wala si dalili ya uhalifu. Sheria ya polisi inasema askari akiwa na hofu yenye msingi anaweza kuua. Na kitu kinachompa hofu yenye msingi kuliko vyote ni bunduki mikononi au kiunoni mwa mtu asiyemjua. Haki aliyopewa raia na mahakama inageuka kuwa ushahidi wa kuhalalisha kifo chake. Hofu nayo haigawanywi sawa, na kadiri ninavyozisoma kesi hizi ndivyo ninavyoona ugumu wa kulikwepa suala la rangi. Castile alikuwa amesimamishwa na polisi zaidi ya mara 40 maishani, nyingi kwa makosa madogo ya gari. Februari 2022 polisi wa Minneapolis waliingia alfajiri kwenye nyumba bila kubisha, wakamkuta Amir Locke, kijana mweusi wa miaka 22, amelala kwenye kochi na bastola yake halali. Hakuwa mtu waliyemtafuta. Aliuawa ndani ya sekunde kumi, na waendesha mashtaka wakasema hawawezi kumshtaki askari.

Turudi Dallas. Texas inaruhusu kubeba bunduki ndefu waziwazi, na usiku ule baadhi ya waandamanaji walikuja na bunduki aina ya AR-15 mabegani, kama sheria inavyowaruhusu. Risasi zilipoanza kulia, askari hawakuweza kujua yupi ni raia na yupi ni muuaji. Polisi waliitangaza mtandaoni picha ya mwanamume mmoja mweusi aliyebeba bunduki na kusema ni mshukiwa. Hakuwa yeye. Alijisalimisha, akahojiwa, akaachiwa, lakini kwa saa kadhaa nchi nzima ilikuwa na picha ya mtu asiye na hatia, na yeyote angeweza kumpiga risasi akidhani anafanya wema. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati huo, David Brown, alieleza baadaye jinsi bunduki hizo za halali zilivyowatatiza askari wake. Nadhani alisema kweli. Na yule mwandamanaji naye alikuwa na haki kabisa ya kuwa alivyokuwa. Mtu akikusimulia habari hii na upande mmoja tu ukatoka na haki, jua kuna kitu amekiacha.

Mvutano huu haukuanza juzi. Mwaka 1966, mjini Oakland, Huey Newton na Bobby Seale waliunda chama cha Black Panther. Sheria ya California iliruhusu kubeba bunduki iliyojaa risasi hadharani, mradi isifichwe. Wanachama wakaanza kuyafuata magari ya polisi, wakisimama kwa umbali unaoruhusiwa na bunduki zao, kuangalia askari wanavyowatendea watu weusi. Mbunge Don Mulford akaleta muswada wa kukataza jambo hilo. Tarehe 2 Mei 1967 kundi la Black Panther la watu wapatao 30 lilikwenda Sacramento na bunduki zao na kuingia hadi ndani ya jengo la bunge la jimbo. Gavana Ronald Reagan, ambaye miaka ya baadaye alijulikana kama rafiki mkubwa wa wenye bunduki, alitia saini sheria hiyo mwezi Julai. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kiliiunga mkono.

Weka picha hiyo kando ya Lansing, Michigan, tarehe 30 Aprili 2020. Mamia ya watu walikuja kupinga amri za kukaa nyumbani wakati wa korona. Waliotaka kuingia bungeni walipimwa joto la mwili mlangoni kwa sababu ya ugonjwa, kisha wakapita na bunduki zao, kwa kuwa sheria haikuwazuia. Wengine walisimama ghorofani wakiwatazama maseneta kwa juu. Seneta mmoja aliandika siku hiyo kwamba wenzake wenye fulana za kuzuia risasi walikuwa wamezivaa. Hakuna aliyefyatua risasi, na polisi walikaa kwa utulivu mkubwa. Mwezi mmoja baadaye, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, watu wasio na bunduki walifurushwa kwa marungu na gesi za kuwasha macho katika bustani ya Lafayette, mbele ya Ikulu ya Washington. Wapo wanaosema wale wa Lansing waliheshimiwa kwa sababu walikuwa na silaha. Wapo wanaosema ni kwa sababu wengi wao walikuwa weupe. Sioni kwa nini tuchague sababu moja tu.

Swali la Lansing ni gumu kwa namna nyingine pia. Maandamano ni njia ya kuzungumza na wenye mamlaka na raia wenzako. Mtu aliyesimama juu ya kichwa cha mbunge na bunduki hajavunja sheria, lakini yule mbunge anapiga kura akiwa na hofu, na mwananchi mwenye maoni tofauti aliyetaka kuja na bango lake anabaki nyumbani. Chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, kililiona hilo baada ya Charlottesville, Virginia. Agosti 2017 kilikuwa kimewatetea mahakamani waandaaji wa mkutano wa wazungu wenye siasa kali, kikiamini uhuru wa kusema ni wa wote. Mkutano ukaja na vikundi vyenye bunduki na ukaishia kwa kifo. Kiongozi wa ACLU akatangaza kwamba hawatawatetea tena wenye chuki wanaotaka kuandamana na silaha. Jiji la Charlottesville nalo lilivishtaki vikundi hivyo kwa kutumia sheria za zamani zinazokataza majeshi binafsi. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshakubali mwaka 1886 kwamba majimbo yanaweza kuyakataza yasipite mitaani na silaha.

Wakati mwingine polisi si mhusika mkuu. Agosti 2020, Kenosha, Wisconsin, askari alimpiga Jacob Blake risasi saba kwa nyuma, na mji ukalipuka kwa maandamano na uchomaji. Usiku wa tarehe 25 alifika Kyle Rittenhouse, mwenye miaka 17, na bunduki ya mtindo wa AR-15, akisema anakuja kulinda mali. Polisi waliokuwa kwenye gari la deraya waliligawia kundi lake maji na kulishukuru. Kabla usiku haujaisha alikuwa ameua watu wawili na kumjeruhi wa tatu. Kisha aliyaendea magari ya polisi mikono juu, bunduki ikining'inia kifuani, nayo yakampita. Aliyejeruhiwa naye alikuwa na bastola, na mahakamani alieleza kwamba alimdhania Rittenhouse kuwa mtu anayeua ovyo. Rittenhouse alisema alimwogopa yeye. Kila mmoja aliamini anamzuia mhalifu. Novemba 2021 Rittenhouse aliachiwa huru kwa mashtaka yote, kwa sababu Wisconsin inamtaka mwendesha mashtaka athibitishe pasipo shaka kwamba mtu hakuwa akijihami.

Mwezi mmoja kabla ya Kenosha, mjini Austin, Texas, Garrett Foster, mwanajeshi wa zamani wa jeshi la anga, alikuwa kwenye maandamano na bunduki ya mtindo wa AK aliyoibeba kihalali. Sajenti wa jeshi aitwaye Daniel Perry aliingiza gari lake kwenye umati, Foster akalisogelea, Perry akampiga risasi. Alidai bunduki ilikuwa ikiinuliwa kumwelekea. Mashahidi kadhaa walikana. Jopo lilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2023, akapewa miaka 25. Mei 2024 Gavana Greg Abbott akampa msamaha, akitaja sheria ya Texas inayompa mtu haki pana ya kujihami. Ziangalie kesi hizi mbili pamoja utaona jambo moja la kutisha: palipo na bunduki pande zote, aliyebaki hai ndiye anayeeleza nani alimwogopa nani.

Takwimu zipo. Mradi wa ACLED, unaorekodi ghasia na maandamano duniani, ulishirikiana na Everytown, shirika linalopigania udhibiti wa silaha, kuchunguza maandamano zaidi ya 30,000 ya Marekani kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021. Yale yenye watu wenye silaha yalikuwa kama 560. Takriban moja kati ya sita ya hayo yaliingia ghasia au uharibifu, ilhali yasiyo na silaha hayakufika asilimia 3. Ni kweli kwamba pengine watu hubeba bunduki pale ambapo tayari wananusa hatari, kwa hivyo huwezi kuzibebesha bunduki lawama yote. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Baadhi ya majimbo yamejaribu kulitatua. North Carolina na Maryland zina sheria za muda mrefu zinazobana silaha kwenye maandamano. Michigan ilikataza bunduki za wazi ndani ya bunge lake Januari 2021. Mwaka huohuo jimbo la Washington likazuia kuzibeba waziwazi kwenye maandamano yenye kibali na umbali wa futi 250 kuzunguka. Tangu Bruen kila sheria ya aina hii inaweza kupingwa mahakamani kwa hoja ya historia. Kesi ya Rahimi ya mwaka 2024 ililegeza kidogo: mahakama ilikubali kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba anayethibitika kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Upande wa polisi, Mei 2025 majaji wote tisa walikubaliana katika kesi ya Barnes kwamba mahakama isitazame tu sekunde ya tishio bali mwenendo wote wa tukio, ingawa hawakuamua kama askari kujitia mwenyewe hatarini nako kuhesabiwe. Kwangu huo ndio uamuzi wenye maana zaidi kwa raia kuliko yote niliyoitaja hapa, ingawa haukuzungumziwa sana. Unaruhusu kuuliza nini kilitangulia, askari alitoa amri gani, na kama alimpa mtu nafasi ya kuitii.

Nchi nyingine zilikata shauri mapema. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, na kumiliki bunduki Kenya ni suala la leseni, si haki ya kikatiba. Fundo la Dallas na Kenosha halipo Nairobi. Lakini tarehe 25 Juni 2024 vijana walioandamana dhidi ya Muswada wa Fedha walikuwa na bendera, simu na chupa za maji, na polisi waliwapiga risasi za moto karibu na Bunge. Kuondoa bunduki mikononi mwa waandamanaji kunamwondolea askari kisingizio kimoja. Hakumfanyi aheshimu uhai ikiwa hakuna anayemwajibisha, na hilo ni kazi ya pili, tofauti, ambayo Kenya na Marekani wote hawajaimaliza. Marekani ina ugumu wa ziada: ina takriban vyombo 18,000 vya polisi, na kila kimoja kina mafunzo na taratibu zake.

Wapo ndugu na jamaa zetu wengi wanaoishi Minnesota, Texas na kwingineko, na baadhi yao wananunua silaha kama majirani wao. Kwao sheria ina mlango mwembamba zaidi. Aliye na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki au hata risasi, na misamaha yake ni michache, mmoja ukiwa wa mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, akifuata sheria za jimbo lake. Lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata baada ya miaka mingi ya kuishi kule, anaweza kurudishwa kwao. Haki ya kuandamana kwa amani anayo kama wengine. Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kwenye maandamano, aulize mwanasheria wa uhamiaji wa jimbo lake, na bastola aiache ndani ya kabati iliyofungwa.